Kitako nusu tayari: mashine inapoishia, mkono wa fundi unapoanzia

Mtambo umegoma kuingia. Kitako kipya cha mbao ya mjozi kimebanwa kwenye jiliwa lililovishwa ngozi ili meno yake yasiumize mbao. Kwa nje kinakaribia kukamilika: shingo ya kushikia ipo, mto wa shavu upo, sehemu ya mbele imechongwa ikaviringika vizuri. Ndani kuna mfereji wa mtutu, na katikati shimo la mtambo. Lakini mwenye bunduki anapoulaza mtambo wa Mauser yake juu ya shimo hilo, chuma kinabaki juu, kimezidi ukingo wa mbao kwa unene wa sarafu mbili, na hakishuki.

Akiupiga nyundo, mbao itapasuka shingoni. Akichukua patasi na kukwangua kwa pupa, mtambo utaingia jioni hiyohiyo, kisha utachezacheza siku zote na risasi hazitapiga mahali pamoja. Inabaki njia ya tatu, nayo ni ya polepole.

Kitu hiki huuzwa kama kitako nusu tayari. Kwa kitako nina maana ya mwili wote wa mbao unaobeba chuma cha bunduki, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Kiwanda kimekichonga kwa mashine, kikaacha mbao kidogo ndani na nje kwa makusudi, kikakituma kwa posta. Katalogi za Marekani, ambako biashara hii ilikomaa, husema kimekamilika kwa asilimia 90 au 95.

Asilimia hizo hupima mbao iliyokwisha kuondolewa. Kazi iliyobaki haimo katika hesabu hiyo, na ndiyo inayoamua kama bunduki itapiga inapolengwa. Ndiyo maana wenye kuifanya wamebishana kwa miongo mingi: mbao ikae juu ya chuma kwa mkono mtupu au kwa gundi? Ipakwe mafuta au vanishi? Na je, bado kuna sababu ya kutumia mbao?

Mashine iliyonakili kitako

Kwa karne nyingi kitako kilitoka kwenye gogo kwa tezo, randa, patasi na bobari. Fundi hodari alimaliza kimoja au viwili kwa siku, na kila kimoja kilikuwa na sura yake.

Mwaka 1819 Thomas Blanchard, mvumbuzi wa Massachusetts, alibuni mashine ya kukereza vitu visivyo duara. Kielelezo cha kitako kilizungushwa upande mmoja, na kipande cha mbao ghafi upande mwingine. Gurudumu dogo lilifuata mabonde na vilima vya kielelezo, na kisu kilichounganishwa nalo kikakata mbao vivyo hivyo, kama fundi wa funguo wa mtaani anavyonakili ufunguo wako kutoka ule wa zamani.

Kiwanda cha silaha cha serikali huko Springfield, Massachusetts, kilimchukua. Kabla ya muongo wa 1820 kwisha alikuwa ameunda msururu wa mashine 14, kila moja na kazi yake: hii ikereze umbo la nje, ile ichimbe kitanda cha mtutu, nyingine itoboe shimo la mtambo. Katika miaka ya 1850 Waingereza walizuru Springfield, wakavutiwa, wakaagiza mashine za aina hiyo kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield.

Mashine za leo huongozwa na kompyuta, ila wazo halijabadilika. Wala kikwazo chake. Mashine hunakili kielelezo kimoja, na bunduki za duniani hazifanani kiasi hicho. Mauser ya mwaka 1898 ilitengenezwa Oberndorf, Berlin, Steyr, Herstal huko Ubelgiji na Brno huko Chekoslovakia. Moja imesuguliwa zaidi, nyingine ina mtutu mnene zaidi, nyingine imepita mikononi mwa mafundi watatu. Kiwanda kikichimba shimo la kuzitosha zote, litakuwa pana kwa kila moja. Kwa hiyo kinachimba pungufu na kumwachia mnunuzi amalizie.

Mombasa, Aprili 1909

Historia ya vitako vya uwindaji vya Marekani inapitia pwani yetu, na wasomaji wengi wa huku hawajaisikia.

Theodore Roosevelt alishuka meli Mombasa mwezi Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani kama rais wa Marekani, akapanda reli hadi uwanda wa Kapiti. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Springfield, bunduki ya jeshi la Marekani, iliyovishwa kitako cha uwindaji na kiwanda hicho hicho cha Springfield. Simulizi za safari hiyo zilitoka mwaka 1910 katika kitabu chake African Game Trails.

Kitabu hicho kilimfikia Seymour Griffin, seremala wa samani wa New York. Alikisoma, akanunua Springfield, akatafuta mbao nzuri ya mjozi na kuichonga mwenyewe. Marafiki walipoiona wakamwomba na wao awachongee. Mwaka 1923 aliungana na fundi chuma James Howe, na kampuni ya Griffin & Howe ikazaliwa. Miaka kumi baadaye mwandishi Ernest Hemingway alikuja Kenya na Tanganyika akiwa na Springfield iliyotoka katika karakana hiyo.

Huko Los Angeles, Ludwig Wundhammer naye alikuwa ameanza kuzivalisha Springfield vitako vipya mnamo 1910. Moja ilikuwa ya mwandishi Stewart Edward White, aliyekuja nayo kuwinda Afrika Mashariki. Mpaka leo kile kivimbe kidogo cha kujaza kiganja kwenye shingo ya kitako kinaitwa kwa jina la Wundhammer.

Ninaitaja historia hii kwa sababu inaonyesha tatizo lilivyoanza. Kitako cha jeshi kilitengenezwa kwa askari wa wastani, asiyekuwapo. Mwindaji alitaka kitako cha mwili wake.

> Kitako cha jeshi kilitengenezwa kwa askari wa wastani, asiyekuwapo.

Bunduki za vita, mbao za Missouri

Griffin aliwatengenezea matajiri. Watu wa kawaida walifikiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, pale soko la Marekani lilipofurika bunduki za kijeshi za bei nafuu: Springfield zilizopitwa na wakati, Enfield, na Mauser zilizorudi na askari au kuingizwa kwa meli. Ni Mauser za aina ileile ya mwaka 1898 ambazo meli ya Kijerumani Rubens ilizileta 1,800 hivi karibu na Tanga mwaka 1915 kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ambalo askari wake wengi walikuwa bado wanatumia bunduki za mwaka 1871 zenye moshi mzito.

Mtambo wa bunduki hizo ulikuwa imara, lakini kitako kilikuwa kizito, kirefu na cha chini mno kwa mtu anayetaka kufunga darubini. Hapo ndipo mji mdogo wa Warsaw, jimbo la Missouri, ulipojipatia jina. Jimbo hilo lina mijozi myeusi kwa wingi, na viwanda viwili vya mji huo, Bishop na Fajen, vilituma vitako nusu tayari kila pembe ya nchi. Kampuni ya Herter's ya Minnesota iliuza vitako vya aina hiyo kwa katalogi pamoja na ndoano na mabata ya kunasia bata.

Mnunuzi alikuwa mkulima, mwalimu, fundi bomba. Alikuwa na benchi, jiliwa na majira ya baridi marefu. Kitako kamili cha fundi mwenye jina kilikuwa juu ya uwezo wake. Hiki alikimudu, alimradi akubali kutoa jasho.

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 ilizuia uingizaji wa bunduki kuukuu za kijeshi na uuzaji wa silaha kwa posta kwa watu binafsi. Kitako chenyewe haikukigusa, kwa sababu sheria ya Marekani huhesabu fremu yenye mtambo kuwa ndiyo silaha. Mbao ni mbao. Hata hivyo chemchemi ya bunduki za bei chee ilipungua, na viwanda vile viwili vya awali vimekwisha kufungwa. Wengine, kama Boyds ya South Dakota, wanaendelea, zaidi kwa mbao za matabaka zilizogandishwa.

Moshi wa kibatari

Turudi kwenye mtambo uliogoma. Kazi huanza kwa kuhakikisha bunduki haina risasi, chemba na magazini. Kisha chuma chote huvuliwa: komeo, magazini, kifyatulio. Mtambo na mtutu wake hubaki vitupu.

Skrubu mbili ndefu zisizo na vichwa hufungwa chini ya mtambo, mbele na nyuma, ili uongozwe kushuka wima kila mara. Mtambo unaoingia kwa kuyumba hukwangua kuta pasipostahili, na mbao iliyotoka hairudi.

Halafu chuma hupakwa rangi. Wapo wanaonunua rangi maalumu ya mafuta, nyeusi au ya buluu. Mafundi wa zamani walishika chuma juu ya moshi wa kibatari mpaka kikafunikwa na masizi membamba. Mtambo unashushwa, unagongwa kidogo kwa nyundo ya mpira, unainuliwa. Kila mahali mbao ilipogusana na chuma pana doa jeusi.

Doa hilo ndilo linalokatwa, na ni hilo tu. Patasi iwe kali kiasi cha kunyoa nywele za mkono, ikate unyoya mwembamba, kisha mtambo urudishwe. Madoa mapya yanatokea pengine, nayo yanakatwa. Mwanzoni ni alama tatu nne kwenye kingo. Baadaye ni kumi, ishirini, zimesambaa. Mtambo unashuka kwa unene wa karatasi kila mzunguko, na mizunguko hufika makumi mengi kabla chuma hakijatua sakafuni.

Sehemu moja inahitaji subira kuliko zote. Chini ya mtambo wa Mauser, mbele, kuna jino pana la chuma. Bunduki inapolia, jino hilo ndilo linalousukuma ukuta wa mbao nyuma yake na kupeleka teke lote begani. Uso wa nyuma wa jino lazima uguse mbao kwa upana wake wote. Ukigusa upande mmoja tu, mtambo hupindapinda kila risasi, na risasi hutawanyika bila mpangilio unaoeleweka. Pande nyingine za jino, mbele, ubavuni na chini, huachiwa nafasi finyu ili lisikwame.

Kinyume chake ni mkia wa mtambo, pale chuma kinapoishia juu ya shingo ya kitako. Hapo lazima pabaki upenyo mwembamba. Anayeona fahari kuuziba kabisa anatengeneza kabari: mkia unapigwa nyuma kila mara, na baada ya msimu mmoja ufa unatokea nyuma yake. Nimeziangalia picha nyingi za vitako vilivyopasuka, na ufa unaoanzia kwenye mkia ni wa kawaida mno. Ni uharibifu unaozuilika kwa pengo la unene wa kadi ya simu.

> Mbao iliyotoka hairudi.

Gundi ni hila?

Hapa ndipo kambi zinapogawanyika.

Kambi ya kwanza inasema mbao ikate sura ya chuma mpaka unywele usipite, basi. Inaonyesha bunduki za Uingereza za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambazo bado chuma chake kimekumbatiwa na mbao bila tone la gundi.

Kambi ya pili inaleta epoksi iliyochanganywa na unga wa glasi au wa chuma. Mbao huchimbwa kidogo zaidi chini ya mtambo na nyuma ya jino, ute unamiminwa, mtambo uliopakwa nta ya kuzuia kunata unakandamizwa humo na kuachwa usiku kucha. Kesho yake mbao ina sura ya chuma hicho hasa, ngumu, isiyonywa maji. Mashimo yote ya mtambo huzibwa kwanza kwa udongo laini wa watoto wa kuchezea. Aliyesahau nta au kuziba tundu moja atakuwa amegandisha bunduki yake ndani ya kitako, na kuitoa humo pengine kutadai msumeno.

Hoja ya kambi ya pili ni maji. Mbao hunywa mvuke wa hewa na kuutoa tena. Mbao ya kitako hukaushwa kwenye tanuri hadi unyevu wa asilimia 8 hivi. Ikikaa katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80, kama ya pwani yetu kwa miezi mingi ya mwaka, hupanda hadi 15 au 16. Haiongezeki urefu wa kuonekana, lakini upana wake hutanuka. Mfereji wa mtutu husogea, shinikizo hubadilika, na darubini iliyorekebishwa mwezi wa Januari hudanganya mwezi wa Mei.

Ushahidi mkubwa ulitoka Vietnam. Wanamaji wa Marekani walipeleka huko mwaka 1966 bunduki ya walenga shabaha, M40, yenye kitako cha mjozi. Mvua na joto viliivimbisha mbao na kuipindisha. Toleo lililofuata katika miaka ya 1970 lilikuja na kitako cha faibaglasi kilichotengenezwa na McMillan, na mbao haikurudi tena katika kikosi hicho.

Katika hili mimi sioni sababu ya kuona haya. Epoksi kidogo nyuma ya jino na chini ya mtambo haiondoi ufundi wa mtu aliyekwisha kukalisha chuma kwa masizi na patasi. Ninachokipinga ni epoksi inayomiminwa kufunika uzembe: shimo limechimbwa ovyo, mtambo unaelea, halafu ute unajaza kila pengo. Kitako kama hicho huonekana kizuri juu na kinaficha ukuta wa mbao mwembamba usioweza kuhimili teke. Ukalishe kwanza, gundi baadaye.

Mgogoro mdogo wa ndugu hao ni mtutu. Wapo wanaotaka usiguse mbao kabisa kuanzia mbele ya mtambo, kiasi kwamba noti ipite chini yake bila kukwama. Wapo wanaoacha mbao iusukume mtutu juu kwa nguvu kidogo karibu na ncha, kama viwanda vingi vilivyofanya, ili kutuliza mtetemo wake. Mtutu mwembamba wakati mwingine hupenda shinikizo hilo. Kwa bunduki itakayosafiri kutoka nyanda kavu hadi pwani, ningeuacha huru. Mbao inayovimba isipate cha kusukuma.

Bega, shavu na urefu wa mkono

Kazi ya ndani humtumikia mtutu. Kazi ya nje humtumikia mtu.

Vitako vingi vya kiwandani vina inchi 13.5 hivi kutoka kifyatulio hadi mwisho wa nyuma, yaani sentimita 34. Kipimo hicho kinamfaa mwanaume wa kimo cha kati aliyevaa koti. Mwanamke mwenye mikono mifupi, kijana, au mtu mwenye bega pana, wote wanalazimika kujikunja. Kitako kirefu hukwama kwapani. Kifupi hulipeleka dole gumba puani bunduki inapopiga teke. Cha chini mno humlazimisha mtu kuinua shavu ili aone kwenye darubini, na shavu lisilotulia halina shabaha.

Kitako nusu tayari huja na nyama za kutosha pande zote kwa sababu hiyo. Hukatwa nyuma kwa msumeno baada ya kupima mwenyewe, si kabla. Tupa ya mbao hupunguza shingo mpaka vidole vikutane vizuri. Mto wa shavu hushushwa kidogo kidogo, mtu akifumba macho, akiinua bunduki, akifumbua: akijikuta anatazama katikati ya darubini, atulie hapo.

Wakati wa kuchagua, mtu aangalie mkondo wa nyuzi shingoni kabla hajaangalia urembo. Nyuzi zikikatiza shingo mshazari, kitako kitavunjika hapo bunduki ikianguka, hata kama mabaka yake ya nyuma yanavutia macho kiasi gani. Mijozi ya Ulaya na Uturuki husifiwa kwa nyuzi zake zilizobana na kushika michoro midogo. Mjozi mweusi wa Marekani una vinyweleo vipana zaidi. Ncha ya mbele wengi huipamba kwa mti mweusi, wengine kwa mpingo wetu, ambao tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Mafuta, msasa na matambara

Anayeharakisha msasa huharibu alichokijenga kwa wiki nzima. Msasa hushikwa juu ya kigae cha mbao au mpira, usishikwe kwa vidole vitupu. Vidole hufuata sehemu laini na kuacha mawimbi. Kingo zinazopakana na chuma huachwa zimezidi kidogo hadi mwisho, maana mbao iliyoshuka chini ya chuma haipandishwi.

Msasa wa namba 120 hufuta alama za tupa, 220 hufuta za 120, na 320 hulainisha. Kisha mbao inalowanishwa kwa kitambaa chenye maji na kukaushwa upesi kwa joto. Nyuzi ndogo zilizolala husimama na uso unakuwa wa kukwaruza tena. Hizo hukatwa kwa msasa mwembamba au stiliwaya, na zoezi hurudiwa hadi zisimame tena chache. Aliyeruka hatua hii atakutana nazo porini siku ya mvua ya kwanza.

Baada ya hapo ni mafuta, na kambi nyingine mbili. Mafuta ya kitani yamekuwa kipenzi cha karne nyingi: huingia ndani, hukoleza rangi, na mkwaruzo hufutwa kwa kupaka tena. Lakini Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, imepima kwa muda mrefu vitu vinavyozuia mvuke kuingia kwenye mbao, na mafuta ya kitani peke yake yanashindwa vibaya. Epoksi na vanishi ya tabaka kadhaa hushinda kwa mbali.

Mafundi wengi wamepata njia ya kati. Uso wa nje hupakwa mafuta yaliyochanganywa na vanishi, tone dogo kwa kiganja, likasuguliwa mpaka mkono uwe moto, likaachwa likauke, kisha tena, mara kumi au zaidi. Tabaka za kwanza husuguliwa na msasa zingali mbichi ili ute wa vumbi na mafuta ujaze vinyweleo vya mjozi. Ndani ya mfereji, ndani ya shimo la mtambo na chini ya kisahani cha nyuma, ambako nyuzi zimekatwa wazi na hunywa maji kuliko popote, hupakwa vanishi bila huruma. Sehemu hizi hazionekani, ndiyo maana husahaulika, na ndizo zinazoingiza unyevu.

Onyo moja halina mjadala. Kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto chenyewe kinapokauka na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Karakana zimeteketea kwa njia hiyo. Kitambaa kitandazwe nje kikauke, au kizamishwe kwenye maji.

> Sehemu zisizoonekana ndizo zinazoingiza unyevu.

Wanaolilia mbao za zamani

Upande wa tatu wa mjadala umejitokeza zaidi kadiri bunduki za vita zilivyozidi kuadimika: wakusanyaji wa silaha za kihistoria. Kwao, kila Springfield au Mauser iliyokatwa mtutu na kutupiwa kitako chake cha awali ni waraka uliochanwa. Zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani sasa huuzwa ghali kuliko zile zilizopambwa kwa jasho la majira mazima ya baridi.

Wana haki, kwa kiasi. Katika miaka ya 1950 hakuna aliyewaza kwamba bunduki iliyouzwa kwa bei ya jozi ya viatu itakuwa adimu. Bunduki iliyokwisha kukatwa haina cha kupoteza, na hiyo ndiyo ingefaa kupewa kitako kipya. Iliyo kamili iachwe. Anayeng'ang'ania basi afunge skrubu zilezile bila kutoboa tundu jipya kwenye chuma, na kitako cha zamani akihifadhi mahali pakavu chenye lebo ya namba ya bunduki.

Watengenezaji wa plastiki hawana mgogoro na yeyote kati yao. Remington ilitoa bunduki yenye kitako cha nailoni tangu 1959, na leo bunduki nyingi mpya za uwindaji za bei ya chini hutoka kiwandani zikiwa na plastiki nyeusi isiyovimba wala kupinda. Kwa mwindaji wa mvua anayetaka nyama na kurudi nyumbani, sina hoja ya kumshawishi.

Kwa wamiliki halali wa hapa kwetu, Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya silaha, Sura ya 114. Kabla ya kuagiza hata kipande cha mbao kutoka nje, mwenye leseni aulize kwa mamlaka iliyompa leseni hiyo, na kazi ifanywe na fundi anayetambuliwa.

Kitako kikikamilika, skrubu za mtambo hukazwa, na bunduki hupelekwa uwanja wa shabaha. Mbao mpya hukandamizika kidogo, kwa hiyo baada ya risasi 20 hivi skrubu hujaribiwa tena. Kisha, bunduki ikiwa tupu, mtambo huvuliwa na ukuta ulio nyuma ya lile jino la chuma humulikwa kwa tochi. Ukiwa umeng'aa upana mzima, mgusano ni kamili. Ukiwa umeng'aa kona moja tu, masizi yanatolewa tena na patasi inanolewa.